Anayejibu Migombani

Momela, Arusha,
14 Julai 2024.

Mpendwa shemeji Esther,

Pokea salamu nyingi za huku mlimani. Hujambo? Watoto hawajambo? Na hilo goti lako, bado linatabiri mvua hapo Songea? Mimi mzima kabisa. Bado ndiye mwanaume mzuri kuliko wote Momela, maana wenzangu wamekufa.

Herufi hizi nimezipanga mwenyewe, kwa elimu yangu ya ngumbaru. Zamani dada yako Eunike alikuwa ananisahihishia. Sasa zipokee hivyo hivyo zilivyopinda.

Kile kiharusi kilimchukulia Eunike ulimi na kusoma. Daktari anasema macho ni mazima, ila kichwa hakishiki tena herufi. Tangu Pasaka hakutamka neno. Yeye, aliyekuwa anasoma somo kanisani mpaka mchungaji anaona wivu! Akawa anatazama ukuta tu.

Basi nikasikia mjini, upande wa Sakina, kuna maktaba inaazima vitabu vya kusikiliza kwa wagonjwa wasioweza kusoma. Bure kabisa, cheti cha daktari tu. Binti wa pale, Nashipae, akaniuliza, "Babu, na wewe unasomaga?" Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi ndio kitabu chenyewe." Akacheka, akanipa kimashine kama redio ndogo, kimejaa hadithi.

Eunike alikipakata kama mtoto mchanga. Anasikiliza mchana kutwa.

Ila shemeji, unakumbuka mama yenu alivyokuwa anatukataza. Hadithi haisimuliwi mchana, mifugo inapotea. Haikupita wiki, mbuzi wetu mweupe akapotea. Kamba haikukatwa, imefunguliwa. Nikasema kimashine kinarudi mjini leo leo. Dada yako machozi yakamtoka. Nikashindwa.

Kesho yake mchana ukungu ulishuka mpaka dirishani. Kimashine kikaita, "Hadithi, hadithi!" kikanyamaza kungoja kujibiwa. Mimi mdomo umejaa ndizi. Eunike ndiyo hivyo. Basi kule migombani mtu akakohoa mara mbili, akajibu, "Hadithi njoo!"

Nikatoka na panga. Unanijua, mimi ndiye niliyemkimbiza nyati. Watu wanasema nyati ndiye alikuwa nyuma. Nikamkuta mbuzi amelala, anacheua, ametulia kama anakunwa shingo. Pembeni yake majani makavu yamekaliwa, nikayagusa, yana joto. Nyayo hakuna.

Nikarudi ndani mbio. Kimashine kikaita tena. Na dada yako, shemeji, akafungua mdomo: "Njoo." Nikalia kama mtoto. Halafu akaangalia migombani, akasema neno la pili: "Mama."

Kikohozi kile na mimi nakijua. Lakini mama yenu tulimzika Nduruma. Njia ya huku nani kamwonyesha? Akiwa hai hakukanyaga kwangu, maana mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe. Na sasa haingii. Anakaa huko huko nje.

Kimashine sirudishi. Siku zikiisha nitaomba niongezewe, kwani kila siku Eunike anapata neno jipya. Mbuzi simfungi tena. Na kule migombani nimeweka kigoda. Akikohoa nageuza uso, ndiyo heshima. Wewe njoo, maana wewe ni mtoto wake, unaruhusiwa kuangalia.

Nisalimie mumeo Calvin na mama mkwe wako, ambaye nashukuru yuko hai. Mungu awafunike kwa mkono wake, mchana na usiku, hasa mchana.

Wako akupendaye, hata ukinicheka,
Shemeji yako Sumari.