Jino la Bosi Juu ya Bati

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute mzima, umeshiba, na hujagombana na mtu kazini. Sisi huku tunapumua. Mimi mdogo wako nazidi kupendeza. Ndevu zimeota tatu, ya nne iko njiani. Mwandiko wangu usiucheke. Wewe uliyemaliza shule umenizidi herufi, lakini pikipiki ikikuzimikia barabarani utamwita nani?

Sasa kaa chini. Mwanao ni mzima. Rudia kusoma hapo, ndipo uendelee. Wiki iliyopita jino lake la mbele lilitoka zima zima, na mzizi wake.

Nilikuwa uani nasafisha plagi ya pikipiki ya mteja. Bosi (ndivyo tunavyomwita mwanao siku hizi, maana nyumba nzima anaiamuru yeye) alikuwa anasukuma tairi bovu kwa fimbo, anaunguruma kama lori. Tairi likagonga ngazi ya jikoni, naye akalifuata kwa mdomo. Damu usiulize. Lakini huyo mtoto ni damu yangu kweli: aliinuka, akajishika mdomo, akanitangazia kwa huzuni kubwa kwamba mjomba, nimepungua.

Mama ndiye aliyetangulia kufika. Aliliokota jino, akalipangusa kwa upindo wa nguo yake, na kabla sijaweka spana chini alikuwa ameshalirusha juu ya bati, akiliambia bati lichukue bovu lilete zima, vile vile alivyokuwa akifanya kwa meno yetu. Nikapiga kelele kwamba hilo si la utoto, Mama, hilo ndilo jipya! Lile ambalo yeye mwenyewe, lilipochomoza, aliita majirani waje kulitazama. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa habari za mtaa wa pili.

Nikapanda. Bingwa wa bati hili unamjua, usijitie kusahau. Kazi yako wewe ilikuwa kushika ngazi na kunitisha kwamba Mama anakuja. Dada, juu kule tumejaa sisi. Nimekuta mpira wetu wa matambara, umebaki kamba tu. Nimekuta kandambili yako ya kushoto, ile uliyoapa kwamba mimi niliitumbukiza chooni. Nataka kuombwa radhi kwa maandishi. Na kwenye mfereji wa maji ya mvua nimekuta vijino viwili vimegeuka rangi kama punje za mahindi makavu. Vyangu au vyako, sijui. Nikakumbuka ulivyong'oka meno manne ya mbele kwa mfululizo, mtaa mzima ukakuita Pengo, ukawa unacheka huku umejiziba kwa daftari. Sikukaa, mtoto alikuwa anavuja damu chini. Ila moyo wangu ulikaa kidogo.

Jino la Bosi lilikuwa limekwama penye msumari, jeupe, mzizi mrefu. Niliposhuka nilitaka kulisugua kwa petroli na brashi kama plagi, maana usafi ninaoujua ni huo. Bahati nzuri nilipiga simu kliniki kwanza. Muuguzi alinifokea mpaka simu ikapata moto. Nisisugue, mzizi nisiuguse kabisa. Nilishike kwenye kichwa chake, hapo pa kutafunia, nilisuuze kidogo kwa maji, nilirudishe kwenye shimo lake. Nikishindwa, nilitumbukize kwenye maziwa baridi, nije mbio. Basi mimi huyu, ninayefungua injini nimefumba macho, mkono ulikataa, cheka ukitaka. Nikachukua maziwa baridi ya Mama ya kutilia chai, nikalitumbukiza jino kikombeni.

Bosi akauma kitambaa safi, nikairudisha plagi, nikampakia kwenye ile pikipiki ya mteja, ameshika kikombe kwa mikono miwili kama aliyeshinda ligi. Daktari wa meno akalipachika jino mahali pake na kulifunga kwa waya mwembamba, likawaegemea wenzake. Anasema fizi ikilipokea litashika, ila haapi, na turudi alitazame. Kwa sasa ni uji na vyakula laini, mswaki laini, na tairi marufuku. Aliuliza nani kaliweka kwenye maziwa. Nikajibu ni mimi, nani mwingine? Muuguzi sikumtaja, ya nini kumsumbua.

Sasa yaliyonifanya niandike, nisipige simu, maana Mama hukaa karibu na simu akasikia kila neno. Tuliporudi tulimkuta mlangoni. Alimkumbatia Bosi, akamwita Pengo. Nikadhani ni utani wa zamani. Akamwambia Pengo avue sare za shule, amwangalie mdogo wake aliyelala ndani, asianguke kitandani. Mdogo wake ni mimi, dada, na nilikuwa nimesimama pale na ndevu zangu zote. Nikamwambia Mama, nipo hapa. Akanitazama kwa adabu ile anayowatazama nayo wageni, akasema asante fundi, pikipiki iache nje.

Bosi alicheka, akadhani ni mchezo. Nami nikacheka, kisha nikaenda uani kuosha plagi iliyokwisha kuoshwa.

Asubuhi alinijua, akanigombeza kuhusu maziwa. Lakini imetokea tena mara kadhaa, na kila mara anayekutafuta ni wewe. Mimi nimeshazoea kuwa fundi. Kwa hiyo omba ruhusa, uje. Usije kwa ajili ya jino, jino tutalilinda. Njoo wakati Mama bado anakuita, hata kama anayemwita ni mtoto mwenye pengo.

Bosi anakusalimu, anasema umletee tairi jipya. Mama anakusalimu pia. Nilimuuliza saa ambayo alikuwa ananitambua, akasema nikuandikie ule vizuri. Wasalimie wote hapo kazini, hasa wale warembo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Spana