Mvua za Jumatatu

Jumatatu, 3 Machi
Ukurasa wa kalavati la Mgwashi umefutwa kwenye tovuti yangu. Jumamosi saa nne ulikuwepo, leo saa mbili haupo. Kazi ya miezi mitano. Nywila tunayo wawili: mimi na Rajabu, mhandisi mwenzangu, mtu wa Tanga. Nilimpa mwenyewe. Tovuti nimeijenga kwa mikono yangu, modeli ya mafuriko nimejifunza bila mwalimu. Nakala ninayo, lakini si hoja. Nina hasira.
Ijumaa wanalaza kalavati lenyewe, bomba la kupitisha maji chini ya barabara ya kijijini kwetu. Rajabu anataka la kipenyo cha milimita 600. Modeli yangu inasema 900. Nyumba ya mama iko upande wa bondeni wa barabara hiyohiyo.

Jumanne, 4 Machi
Rajabu kakiri bila haya. "Nimekusitiri, kaka. Siku zako sita za mvua kubwa, zote Jumatatu. Mvua ya Mgwashi imeajiriwa serikalini?" Ofisi nzima ikacheka.
Nimehesabu. Sita kwa sita. Aibu.

Jumatano, 5 Machi
Vipimo vya mvua ni vya mama. Kopo uani, rula, daftari, saa tatu asubuhi, miaka minne. Nimempigia. Shikamoo, marahaba, habari za maharage. Kisha nikauliza kuhusu Jumapili, maana daftarini kuna kistari, nami nilikisoma kama sifuri.
"Jumapili niko kanisani, mwanangu. Kopo nalo linapumzika."
Linapumzika huku linajaa. Jumatatu yake ni mvua ya siku mbili. Nimelelewa nyumba ile, Jumapili hatukupasua hata kuni. Nilipaswa kujua.

Alhamisi, 6 Machi
Kipimo kikubwa kuliko vyote ni milimita 118, cha Jumatatu. Nikigawa kwa mbili, 59. Kalavati la 600 linatosha, Rajabu kashinda. Lakini kama zote 118 zilinyesha siku moja, ni 900 ileile, la sivyo maji yanaingia kwa mama. Kompyuta haijui. Nimemwambia Rajabu. Safari hii hakucheka. Atasubiri mpaka kesho saa nne, basi.
Ukurasa nimeurudisha. Kosa langu nimeliandika juu kabisa.

Ijumaa, 7 Machi
Ukungu. Saa kumi na mbili na nusu. Chai imepoa. Nimemtumia mama ujumbe:
"Shikamoo mama. Ile Jumatatu ya 118, maharage yako yaliposombwa. Mvua ilinyesha Jumamosi na Jumapili, au Jumapili peke yake? Usinihurumie. Nipe jibu moja tu, kabla ya saa nne."