Waliolala Kando ya Mtaro

Estlow, mwanzo wa Kwaresima

Mwanangu Thurstan,

Salamu nyingi. U mzima? Kile kikohozi cha baridi ya huko utawani kimekuacha? Mimi sijambo. Mgonjwa ni baba yako. Tangu theluji ianguke hajashuka kitandani.

Nadhani mmesikia. Bwana wa ngome amenyang'anya mashamba ya askofu, na askofu naye amefunga makanisa yote ya upande wetu. Kengele zimefungwa kamba. Hakuna misa, hakuna ndoa, na makaburini hazikwi mtu; wafu tunawafukia kando ya mtaro. Padri Wulfrik, huyu anayeniandikia, ameachiwa kubatiza watoto na kuungamisha wanaokufa, basi.

Jana baba yako aliniuliza, "Emota, mtanitupa wapi?"

Nikamwambia, "Nyamaza, hufi leo."

"Sikuuliza lini. Nimeuliza wapi."

Ninyi mko ng'ambo ya mto, kwenu hakujafungwa. Mwombe abati, mkuu wenu, ampe nafasi ndogo tu makaburini kwenu. Mkokoteni wa kumleta nitaupata.

Mama yako.


Abasia ya Holmward, Jumapili ya Matawi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, na pole kwa kuuguza. Mimi mzima, kikohozi kimepungua.

Nilimpigia abati magoti mbele ya ndugu wote. Akasema, "Nikimpokea mmoja, kesho mikokoteni itajaa langoni, na askofu atatufunga na sisi." Nikamwambia, "Huyu ni baba yangu." Akanijibu, "Na wale wengine ni baba za nani?" Nikainuka nikaondoka, mama. Niliapa utii.

Ameahidi kumwombea katika misa. Mwambie baba asiogope. Roho haizikwi mtaroni.

Nisamehe.

Mwanao.


Estlow, baada ya Pentekoste

Thurstan,

Mimi mzima.

Baba yako alifariki wiki ya Pasaka. Majibu yako hakuyasikia. Nilimwambia kwamba abati amekubali, kaburi lake liko tayari, chini ya ukuta unaopigwa na jua. Akasema, "Kumbe yule kijana ana faida," akacheka mpaka akakohoa. Akafa ameridhika. Hapa Padri amesita kuandika. Nimemwambia aandike, siku ya hukumu nitajibu mwenyewe.

Tumemzika kando ya mtaro wa kinu cha maji, pamoja na wenzake. Padri alisimama mbali, barabarani, midomo ameifumba kama alivyoamriwa. Jirani yetu Sabina akamfokea, "Farasi wa bwana alizikwa kwa tarumbeta, Padri! Na wewe huna hata neno?" Padri akalia mbele ya watu.

Kila asubuhi nakwenda kufukuza nguruwe wasifukue.

Unasema roho haizikwi mtaroni. Mimi sikuolewa na roho.

Usiniandikie kwanza.

Mama yako.


Holmward, Sikukuu ya Watakatifu Wote

Mama,

Salamu. Najua ulinikataza. Lakini mchuuzi wa chumvi amepita hapa, anasema mto umefurika na ukingo wa kinu umebomoka. Uko hai? Una kuni? Una unga wa shayiri?

Nimeomba kazi ya kupiga kengele. Upepo ukivuma kuelekea kwenu navuta kamba kwa nguvu zaidi, labda utasikia. Ndugu zangu wananicheka, eti nataka kuangusha mnara.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mwanao.


Estlow, Pentekoste ya mwaka uliofuata

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Niko hai. Nilinyamaza kwa hasira, si kwa kukusahau. Kengele yako nilikuwa naisikia.

Bwana na askofu wamepatana. Wamekula samaki ngomeni, wanachekeana, kama vile hakuna aliyekufa. Kengele yetu ilipolia, Sabina aliuvurumishia mnara kiatu.

Padri akatangaza kwamba waliozikwa mtaroni wahamishiwe makaburini. Tukaenda na majembe. Mwanangu, yale mafuriko yalikuwa yamewachanganya wote. Mifupa na tope, ya huyu na ya yule. Watu wakaanza kugombana.

"Huu mrefu ni wa baba yangu!"

"Mrefu wapi? Baba yako alikuwa kama kisiki!"

Sabina alipakata fuvu dogo, hajui ni la mwanawe au la mtoto wa mfinyanzi. Nikatandika shuka langu la harusi juu ya majani, nikawaambia, "Wekeni wote hapa."

Wakaanza kuleta, mmoja mmoja.

Padri akaninong'oneza, "Na mumeo Edrik?"

Nikamwambia, "Yumo humo. Nikiwalilia wote, sitamkosa."

Tumewazika kaburi moja, karibu na mlango wa kanisa. Padri aliimba mpaka sauti ikamkauka, nasi tukaimba naye hata tusiojua maneno.

Wakikuruhusu, njoo. Wasipokuruhusu, sitakulaumu tena. Ila ukiomba, usimtaje baba yako peke yake.

Mama yako.