Sonde Kwenye Tiyo ya Baridi

Samedi, 11 octobre

Nimemaliza! Kamyo ya shemeki Vahwere sasa iko na kadran mbili za kupimia mbele ya shofere: moja ya presha, moja ya joto ya mafuta ya boite. Ni boite otomatike, inabadilisha vitesi yenyewe. Hapa Bunia mafundi wote banaikimbia. Mie hapana.

Muzee Hippolyte, mwenye alinifundisha kazi, alipita hapa garaje Mudzipela. Akachungulia chini, akauliza sonde, kile chombo chenye kupima joto, iko wapi. Nikamuonyesha: kwenye tiyo, pale mafuta inatoka kwa radiateri. Akasema yeye angeiweka chini kabisa, ndani ya karteri, ile sufuria ya mafuta chini ya boite. Karteri — kumwanga mafuta yote, kutoboa, kusuder chuma, siku mbili! Nikamujibu kwamba weye Muzee unajua boite ya mukono tu. Akacheka kidogo, akaenda. Ile kucheka imenikera mpaka sasa.

Tumeijaribu mpaka Rwambuzi na kurudi. Joto 70. Presha 15. Muzuri sana.

Dimanche, 12 octobre

Dada yangu Nadège anaenda ndani ya kamyo pamoja na bwana yake, Vahwere. Mimba ya miezi saba, anataka kuzalia Butembo kwa mama mukwe. Nimemukataza, hasikie. Kutoka Komanda batafuata escorte ya basoda, kwa sababu ya batu ya bunduki ya porini. Escorte haingojee mutu. Gari ikikufa, unabaki na pori yako.

Nimemupa kaye: kila nusu saa aandike presha na joto, anitumie mesaje. Joto ikifika 110, musimame. Vahwere akamutania, eti sasa kamyo yake iko na sekretere. Tulicheka sana.

Lundi, 13 octobre

Balitoka. Balilala Komanda. Namba zote nzuri. Niko na furaha, kusema kweli.

Mardi, 14 octobre. Saa mbili ya asubuhi

Nimeungua ulimi. Nilionja uji kwa kijiko. Kijiko nilikipulizia kwanza, nikaona sawa, nikameza ya kikombe. Moto! Nikabaki nimekaa, kijiko mukononi.

Sonde yangu iko inafanya vile vile. Inaonja mafuta yenye radiateri imeshapulizia ikapoa. Ile ya ndani ya boite haiijue. Muzee aliona palepale, na mie nikamufungia mudomo.

Ndani iko na 40 zaidi, karibu hivyo. Kwa hiyo ile 110 yangu ni 150. Kwa 150 boite imeshaiva. Mungu wangu, nimewapa namba ya kufia.

Saa tatu na nusu

Simu haipite. Mesaje ya Nadège inafika: «Tumetoka, escorte mbele. Matope mingi. Joto 84, presha 14.»

Nikaandika: joto ile ni ya uongo. Nikafuta. Niliona haya. Nikaandika tena: angalia presha tu. Haikuenda.

Saa tano

«Joto 91. Presha 12. Vahwere anasema 110 yako bado mbali.»

Presha haidanganye. Inashuka kwa sababu mafuta imekuwa nyepesi sawa maji. Nilimwambia Nadège mara ngapi kwamba ya muhimu ni joto!

Nimekimbia Ngezi, kwa Muzee Hippolyte. Nimemwambia yote. Hakucheka. Aliuliza kitu moja tu: nani iko ndani ya kabine? Nikamutajia. Halafu akasema basimame sasa, bawache moteri itembee kwa neutre, bila vitesi, robo saa, mafuta ipoe. Bakingoja mpaka boite ijisimamishe yenyewe, haitaondoka tena.

Lakini kisha robo saa, escorte itakuwa wapi? Nilimuuliza.

Saa saba

Simu imepita! Nikamwambia Nadège: kila joto umeandika, ongeza 40. Nikasema ni kosa yangu, niliweka sonde mahali pabaya. Hakuuliza sababu. Nilisikia karatasi ya kaye inageuka, inageuka tena.

«Yaya, kadran iko 96. Basi sasa iko 136.»

Nikasema simameni. Vahwere akamunyang'anya simu. Akasema atasimama hapa namna gani, ya escorte anaona tu vumbi ya gari ya mwisho — hapana, hata vumbi haiko, ni matope. Akapumua. «Shemeki, samedi uliniapia 110. Leo unaniambia simama. Niamini nani, weye wa samedi ao weye wa leo?»

Nikajibu: wa leo. Laini ilikuwa imeshakatika. Sijui kama alisikia.

Saa nane

Mesaje: «Joto 79.»

Imeshuka. Kwa hiyo alisikia. Basimama.

Samedi namba kama hii ingenifanya nicheke. Presha hakuandika. Wala kama kuko gari ingine karibu yao.

Nimeuliza: escorte? Simu inaonyesha mesaje yangu imefika, jibu bado. Muzee Hippolyte amekuja, amekaa kwenye pneu ya gari hapa mulangoni. Joto 79, na bado naangalia simu nijue kama escorte imebaacha.