Sitabeba Kosa la Busole za Mujomba

Kalemie

Kwako mama Zaina,

Salaam alekum. Naomba Mungu mugongo uwe umepunguza kuuma, na bati la nyumba ya Mabanga, huko Goma, lisivuje tena. Mimi ni muzima, lakini moyo hapana.

Mama, ile sauti uliyonitumia kwenye simu nimeisikia. "Ramazani, sema mukono wako ndio ulikosea. Wewe ni kijana, kifungo kitaisha. Mujomba wako akifungwa, sisi wote tumekufa." Kweli ni wewe uliyesema hivyo?

Basi sikia, maana ndugu yako hakukuambia yote. Busole, zile dira, na mashine za kuonyesha njia alizouzia jeshi letu la majini zilikuwa kuukuu. Zilitolewa kwenye mashua zilizokufa, zikapakwa rangi. Tulipozifunga tu kwenye mashua yetu ya jeshi nilimuambia komanda, "Sindano hii inadanganya. Tunaelekea kaskazini, inaonyesha mashariki." Akacheka: "Si mujomba wako aliyezileta? Muulize yeye." Nikamupigia mujomba Sefu. Akanifokea, "Vyombo vyangu ni vizima. Usiniharibie biashara, mutoto wewe!"

Asubuhi ile moshi wa mashamba yanayochomwa ulifunika ziwa, ng'ambo haikuonekana. Mashine ikasema tuko kwenye maji marefu. Tukagonga mwamba. Kambale, yule mwenzangu wa Vitshumbi, alikuwa amesimama mbele akichungulia maji. Nilimuvuta mwenyewe, kifua kimevunjika. Akanifia mapajani.

Leo komanda, aliyepokea vyombo bila kuvijaribu, anasema kosa ni la usukani. Mujomba anasema usukani. Na wewe mama unasema usukani. Aliyeshika usukani ni mimi!

Najua mujomba alinisomesha. Umenikumbusha vya kutosha. Hakunisomesha ili nimufichie maiti. Mama yake Kambale alinipigia, akauliza, "Mwanangu, nani alinifanyia hivi?" Nilikata simu kwa ajili yenu. Aibu ile sitaibeba tena.

Jana nilisimama mbele ya mahakama ya askari. Nimemutaja komanda. Nimemutaja mujomba, na duka lake. Watakuja Goma, mujitayarishe.

Nisalimie bibi, na dada Asha aliyejifungua. Mumewe mwambie asiende kumusaidia mujomba kuhamisha vitu dukani. Mujomba mwenyewe usimusalimie.

Mahakama iliniuliza kama kuna mutu aliyeniomba niseme uongo. Nikajibu hakuna. Huo ndio uongo niliousema kwa ajili yako, mama. Usiniombe mwingine.

Ni mimi uliyenizaa,
Ramazani