Mshono wa Gauni la Malkia

Jumanne, baada ya isha

Basi lilijaa mpaka mtaani kwetu Sparkhill, hapa Birmingham, nimesimama njia nzima. Mgongo hauna hali.

Leo kazini, kwenye jumba la opera, wametangaza msimu wa michezo ya kuimba: maonyesho mawili mapya, matatu ya zamani yanarudi jukwaani. Kwetu washonaji, ya zamani ndiyo adhabu. Nguo zile zile, miili mingine.

Nimepewa gauni la malkia nilipanue kiuno. Ndani ya kola yameshonwa majina ya waimbaji wote waliolivaa. Washonaji hatuandikwi. Lakini nilipofumua upande mmoja nikaujua mshono: ni wangu, wa miaka kumi na miwili nyuma. Mdogo, umenyooka, utadhani wa mashine.

Leo kutunga uzi tu kwenye sindano kumenichukua robo saa. Mama Furaha, yule Mkongo ninayekaa naye meza moja, akanyoosha mkono. "Leta nikutungie, dada, haina shida."

Nikamwambia taa mbovu. Taa nzima kabisa.

Halafu akapita msimamizi wetu mpya, akaupapasa upande ambao sijaufumua. Akauliza nani kashona hapa, maana anamtaka huyo huyo kwa maonyesho mapya.

Mama Furaha akaniangalia.

Nikasema aliyeushona alishaacha kazi.