Makofi ya Mama Ilona

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi jikoni kwa Ilona, Winson Green, mtaa wetu huku ughaibuni. Humu ndimo alimoanzisha kampuni yake ya maigizo ya Kihungari, yeye na binamu yake, vyombo vikiwa bado kwenye sinki. Leo tuko tisa. Mimi, Mkamba wa Machakos, ndiye bibi wa Budapest anayekataa kuhama nyumba yake. Mchezo ni wa Kiingereza ila wimbo wa mwisho ni wa Kihungari. Ulimi unauma. Ilona ananifokea eti natembea kama nesi. Kwani mimi ni nani? Nampenda hata akifoka.

Jumatano, 12 Machi
Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakouguza. Mwimbaji aliyekuja kuwatumbuiza kachelewa. Wazee wakaanza kupiga makofi polepole, kwa pamoja. Pa. Pa. Pa. Nikadhani ni furaha, nami nikajiunga. Mwenzangu akanishika mkono: hapa kwa Waingereza hiyo ni kejeli. Mwimbaji aliingia amenywea kabisa. Nilimhurumia.

Jumatatu, 17 Machi
Mama yake Ilona amefika kutoka Hungaria. Kazi ya bintiye hajawahi kuiona. Anaiita michezo ya watoto. Jumamosi ndiyo mara yetu ya kwanza kwenye ukumbi wa kweli, mjini. Ilona hali wala halali usingizi. Ametuambia ikiharibika, kampuni basi. Hatanii. Naogopa.

Jumamosi, 22 Machi
Nimejiaibisha, tena bure.
Ukumbi ulijaa Wahungari, sijui walitokea wapi mchana huu. Kwenye wimbo nilikosea mstari mmoja. Tukainama kuwaaga watazamaji. Makofi ya kawaida, kisha yakaungana. Pa. Pa. Pa. Aliyeanza ni mama yake Ilona, mstari wa mbele, uso mkavu. Nikajua nimeiua kampuni. Nikakimbilia chooni na kitambaa cha bibi kichwani.
Binti yangu Neema akagonga mlango. "Mum, toka! Wanakungoja!"
"Wananicheka."
"No, Mum! Ilona amesema kwao hiyo ndiyo heshima kubwa. Analia, happy crying. They won't stop!"
Kweli hawakuacha. Nilipotoka, yule mama alisimama.

Jumapili, 23 Machi
Kanisa limenipita, nimelala hadi saa nne. Kisha nikampigia Ilona nikiwa na hasira. Mwaka mzima umenifundisha kutembea, kukaa, hata kumenya viazi Kihungari, hili ukalisahau! Alicheka sana. Halafu akasema hakulisahau. Hakudhani kuna siku tungepigiwa hivyo.

Jumapili, 6 Aprili
Jikoni tena. Wamekuja waigizaji wapya watatu. Viti havikutosha, nikakalia ndoo.
Mama yake Ilona amesharudi kwao. Alipiga simu tukiosha vikombe. Ilona akaongea naye, kisha akanipa. Hatuna lugha moja, mimi na yule mama. Nikasikia makofi, polepole.
Nikaiweka simu mezani, nikamjibu kwa mikono yenye povu.